Mbawa za Dokta Sikitu na Picha ya Mtukufu

Nchi yangu sitaitaja jina. Si kwamba naogopa. Mimi ni mpiga tarumbeta wa Bendi ya Serikali, nina sare na cheo cha koplo, na mtu wa namna hiyo hana cha kuogopa. Ni aibu tu. Mgeni akiniuliza natokea wapi, siku hizi namwonyesha kwa mkono, kule, ng'ambo ya milima, kisha haraka haraka namuuliza habari za watoto wake.

Hata hivyo nchi yetu ni nzuri, na watu wake wana adabu kuliko watu wote niliowahi kusikia habari zao. Tunayo desturi tuliyorithi kwa mababu, nayo ni sitara. Mtu akikaribia kuaibika mbele yetu, tunageuka. Suruali ya mtu ikipasuka sokoni, soko zima linageuka, wauzaji kwa wanunuzi, mpaka ajifunge kanga ya kuazima na kwenda zake. Bwana harusi akisahau jina la bibi harusi, waalikwa wote wanatazama ukuta hadi alikumbuke. Tukishageuka, jambo halikuonekana, na kwetu jambo lisiloonekana halikutokea. Ndivyo tulivyolelewa, na wanangu nawalea hivyo hivyo.

Serikali, kwa kuwa inapenda utamaduni, iliichukua desturi hiyo ikaiundia idara. Idara ya Sitara ina filimbi. Filimbi ikilia, kila mwananchi anageuka pale pale alipo, na anayebaki kutazama anashitakiwa kwa kosa la kukodoa. Mwanzoni ilikuwa ikilia kwa nadra, waziri akijikwaa ngazini, au hotuba ikianza kusomwa kutoka ukurasa wa mwisho. Baadaye ikawa inalia umeme ukikatika, dawa zikiisha hospitali, daraja jipya likianguka. Tumekuwa hodari wa kugeuka. Watoto wa shule wana mashindano yake ya wilaya hadi taifa, na ndiyo maana nchi yetu haijawahi kupata kashfa hata moja.

Sasa, tunayo pia ndege. Ni moja, nayo imeegeshwa mwisho wa uwanja wa ndege wa taifa tangu magurudumu yake yalipochukuliwa kwa matumizi ya dharura ya harusi ya mtoto wa mkubwa fulani. Njiwa wanaishi ndani yake. Kwa sababu hiyo, Mtukufu Mkuu wa Nchi alikwenda kwenye mkutano wa wakuu wenzake kwa basi. Alifika wakati viti vinakunjwa, ana vumbi mpaka kwenye nyusi. Na wale wakuu wenzake, watu wasio na malezi, hawakugeuka. Walimtazama. Wengine walimpiga picha.

Aliporudi alihutubia taifa. Nilikuwepo, maana bendi hupiga kabla ya hotuba na baada yake, na wakati mwingine katikati, watu wakianza kusinzia. Alisema hatutanunua tena ndege wala mafuta ya ndege kutoka kwa watu wasiotupenda.

"Nzi hana injini," alisema. "Hajamaliza hata darasa la saba. Lakini anaruka toka chooni mpaka kwenye sahani yangu bila kibali cha mtu. Je, raia wa nchi huru atashindwa na nzi?"

Tukapiga makofi. Hapo hapo akaagiza kwamba ifikapo Sikukuu ya Uhuru awepo raia mmoja anayeruka hewani kwa nguvu za mwili wake mwenyewe. Kazi hiyo akamkabidhi Mheshimiwa Ngwelo Tindwa, Waziri wa Anga, Maziwa na Mambo Yaliyosalia, mtu mnene, mpole, ambaye hajawahi kukataa kazi wala kuifanya.

Mheshimiwa Tindwa alianzisha Sera ya Wadudu. Kila wizara ilitakiwa kuchagua mdudu mmoja, kumchunguza na kujifunza kwake. Wizara ya Fedha ilichagua mbu, ikarudi siku ya pili kusema haikukuta jambo jipya la kujifunza. Wizara ya Elimu ilichagua kumbikumbi, ambaye huruka jioni moja tu kisha mbawa zikamdondoka, nayo ilisema inamwelewa vizuri sana. Makarani walifungwa nyungo mikononi, wakawa wanapiga mbawa kutwa nzima maofisini. Ukienda kufuatilia cheti cha kuzaliwa unakutana na upepo mlangoni.

Baada ya mazoezi hayo Katibu Mkuu wa wizara, akiwa na nyungo mbili na tai, alipanda juu ya paa la stoo na kujirusha mbele ya waandishi wa habari. Filimbi ililia akiwa bado juu. Tuligeuka. Kilichofuata tulikisikia tu, kishindo, halafu sauti ya mtu mzima akimwita mama yake. Taarifa ya wizara ilisema Katibu Mkuu alitua kabla ya ratiba. Mpaka leo huvaa koti pana kuficha plasta za mikono yote miwili, na sisi tukimsalimia tunamwangalia viatu.

Hapo ndipo alipoitwa Dokta Sikitu.

Dokta Sikitu Malembeka alikuwa jirani yangu, na alikuwa daktari wa wadudu pale Chuo Kikuu. Mwanamke mfupi, mwembamba, mwenye majivuno yake na ulimi usiojua kupumzika. Nyumbani kwake alifuga kereng'ende kwenye chumba cha wageni, na wageni aliwapokelea barazani. Alipofika mbele ya Baraza la Mawaziri, bendi ikiwa kwenye kona yake, hakupoteza muda wa kushukuru mtu.

Alieleza kwamba mdudu ni mdogo mno, na kwa kiumbe mdogo hewa ni nzito; nzi haruki hasa, bali anaogelea hewani kama mtu angeogelea kwenye uji. Akipiga mbawa zake kwa kasi, juu ya kila ubawa kunazaliwa kimbunga kidogo, na hicho ndicho kinachomshika asidondoke. Lakini mkuze nzi huyo awe na kimo cha waziri. Mbawa zitakua, ila uzito utakua kuliko mbawa, na vile vimbunga havitamsaidia kitu. Hataruka. Atakaa chini na kusubiri posho.

Baraza lilimsikiliza kwa makini na kukubaliana naye kabisa. Likaazimia kwamba hewa ya nchi iongezwe uzito. Kamati ya Kuimarisha Hewa iliundwa papo hapo, na feni zote za serikali zikapigwa marufuku kwa kuwa zinaipunguza.

Dokta Sikitu alijishika kichwa. Kisha akasema kwa sauti ya chini, na mimi nilikuwa karibu nikasikia, kwamba jambo la kumwiga mdudu ni wepesi wake, siyo kule kupiga mbawa. Mtazameni kereng'ende anapopumzika hewani, alisema, ametandaza mbawa ndefu, nyembamba, na hazipigi. Nguvu ya binadamu iko miguuni, siyo mikononi. Apande baiskeli, mnyororo wake uzungushe pangaboi, mbawa zitulie, na kila kisicho cha lazima kiachwe chini.

"Nipeni mianzi, nailoni na baiskeli moja kuukuu," alisema. "Nitaruka mwenyewe, maana mimi ndiye mwepesi humu ndani. Ombi langu ni moja. Siku hiyo mnitazame."

Waziri Tindwa alisema hilo la kutazamwa linategemea. Ikitokea ameliaibisha taifa, basi taifa halitakuwa na budi kumpa sitara ya kudumu. Hiyo ni heshima ya juu kabisa tunayompa mtu aliyetuaibisha. Hafungwi, hapigwi, hatukanwi. Ila hakuna anayemtazama tena maisha yake yote. Akipita njiani watu wanageuka, akiingia dukani muuzaji anamhudumia kwa kisogo, hata ndugu zake wanakula naye wakitazama ukuta. Nchi za wenzetu zina magereza. Sisi tuna adabu.

Dokta alifikiri kidogo. Alisema maisha yake yote amefanya kazi akitazamwa na wadudu tu, na mara moja kabla ya kufa anataka kutazamwa na watu. Akakubali.

Chombo chenyewe alikijenga uani kwake, mke wangu akimshikia mianzi. Mbawa zilikuwa na upana wa nyumba tatu za mtaa wetu, tukalazimika kubomoa ua, lakini kitu kizima niliweza kukiinua mwenyewe bila kutoa jasho. Kila kitu alikipima, hata gundi. Alikula mlo mmoja kwa siku. Wiki ya mwisho alinyoa nywele zake, nywele ndefu alizokuwa akijivunia, akamwambia mke wangu kwamba nazo ni mzigo. Mke wangu alilia, yeye akacheka.

Kisha walikuja wakaguzi. Kila chombo cha usafiri cha taifa, walisema, lazima kiwe na kizima moto, tairi la akiba, ndoo ya mchanga na kiti cha mgeni rasmi. Dokta aligombana nao mchana kutwa, akaviondoa kimoja baada ya kingine. Kilichobaki ni picha ya Mtukufu, ndani ya fremu ya mninga, ina kioo, uzito wake sawa na ndoo iliyojaa maji. Hiyo haikuzungumzika. Waliifunga mbele kwa skrubu nne.

"Mheshimiwa," Dokta alimwambia Waziri, "nikiwa na picha hii nitatembea. Bila picha hii nitaruka. Nimepiga hesabu, hakuna katikati."

"Basi utatembea na Mtukufu," alisema Waziri kwa upole. "Wangapi wamepata bahati hiyo?"

Sikukuu ya Uhuru ilifika. Dokta alikuwa ameomba aruke alfajiri, upepo ukiwa umelala, lakini ratiba iliweka hotuba kwanza. Waliohutubia walikuwa wengi, na kila mmoja alianza kwa kusema hatakuwa na mengi. Saa sita upepo ulivuma, watu wakazikumbatia mbawa zisipasuke, na hotuba zikaendelea. Waziri alieleza historia ya kuruka tangu enzi za Adamu. Jua lilikuwa limeshuka sana hotuba ya mwisho ilipoisha, na kwa bahati upepo nao ulikuwa umechoka kutusubiri ukatulia.

Niwaeleze palivyokuwa, maana hapo ndipo kwenye aibu yetu. Sisi, yaani Mtukufu, wakubwa, bendi na wananchi, tulikuwa tumepangwa kando ya njia ya kurukia ndege, tukiitazama njia hiyo, na jua likitupiga usoni. Nyuma yetu kulikuwa na ukuta mrefu wa ghala la mizigo, uliopakwa chokaa jana yake kwa ajili ya sherehe. Chokaa iliyobaki walikuwa wameimwaga kwenye njia yenyewe, ipendeze.

Dokta Sikitu alitoka akiwa amevaa bukta na fulana, kichwa kinang'aa. Alipanda baiskeli yake katikati ya zile mbawa, akajaribu pedeli, akashuka tena. Akatoa bisibisi. Kabla hatujaelewa alikuwa amefungua skrubu ya kwanza, kisha ya pili. Alipomaliza ya nne aliishusha picha ya Mtukufu kwa mikono miwili, kwa heshima kabisa, akaiegemeza kwenye jiwe pembeni, uso ukiitazama njia.

"Simtupi," alimwambia Waziri. "Nimempa nafasi ya mbele, naye aone."

Katika nchi yetu picha ile haijawahi kuwekwa chini. Waziri Tindwa alimtazama Mtukufu, Mtukufu alitazama viatu vyake, na uso wa Waziri ukawa wa kijivu. Akachukua filimbi kwa mtu wa Idara ya Sitara akaipuliza yeye mwenyewe.

Tuligeuka. Sijawahi kuona tumegeuka vizuri namna ile, umati mzima kwa mguu mmoja. Hata Mtukufu aligeuzwa na kiti chake. Wote tukawa tunatazama ukuta wa ghala, jua migongoni, na vivuli vyetu mbele yetu vimejipanga kwenye ile chokaa, kofia kwa vilemba kwa matarumbeta.

"Msigeuke," tulimsikia Dokta akisema nyuma yetu. Hakupiga kelele. "Jamani, msigeuke. Nitazameni."

Hakuna aliyejitikisa. Kisha tulisikia pedeli. Tulisikia mnyororo, na magurudumu yakigonga viungo vya zege, pole pole, halafu haraka, halafu haraka zaidi. Nilikuwa nahesabu mapigo, kwa sababu ndiyo kazi yangu. Na katikati ya mapigo magurudumu yakanyamaza. Mnyororo uliendelea, pangaboi likaendelea kuvuma, lakini chini hakukuwa na kitu kinachogonga.

Ndipo tukaona ukutani. Kivuli cha mbawa, kirefu, chembamba, kilitokea upande wa kushoto kikapita juu ya vivuli vya vichwa vyetu. Katikati yake alikuwepo mtu mdogo anazungusha miguu. Kati ya gurudumu lake na kofia ya Mtukufu kulikuwa na mwanga mtupu. Kilipita juu ya wakubwa, kikapita juu ya bendi, kikapita juu ya wananchi wote hadi mwisho wa ghala, bila haraka. Mtu mmoja alishusha pumzi. Nilisikia mwingine akilia kimya kimya, nikagundua ni mimi. Halafu magurudumu yakagonga tena zege, mbali, upande wa kulia.

Filimbi ya pili ililia tukageuka. Dokta alikuwa mwisho wa uwanja, karibu na ndege ya njiwa, ameshuka na kuinua mikono miwili juu. Alikuwa anacheka. Alikuja anakimbia kuelekea kwetu, na kadiri alivyotukaribia ndivyo kicheko kilivyompungua, kwa sababu alikuwa anatafuta uso mmoja, na sote tulikuwa tunatazama chini.

"Nani ameniona?" aliuliza.

Waziri alimwambia kwa upole asiwe na wasiwasi, amesitiriwa, hakuna aliyeona. Dokta akaonyesha chini. Kwenye chokaa ya njia alama ya magurudumu ilikuja vizuri, ikakatika, ikaanza tena mbele kabisa ya pale tulipokuwa. Kati ya alama na alama chokaa ilikuwa safi, haijaguswa na kitu. Waziri aliitazama chokaa ile kwa muda. Kisha akaagiza bendi ipite hapo kwa gwaride, na wananchi wafuate nyuma wakicheza, kumfariji mwenzetu aliyepatwa na aibu.

Tulipita. Tulipiga wimbo wa furaha, na buti zangu ni namba kubwa.

Tume ya kuchunguza kama Dokta aliruka ilikaa. Sitaki mseme ilimwonea, maana mwenyekiti alikuwa mtu wa haki. Alisema kutazama njia wakati wa filimbi ni kosa, lakini kutazama ukuta ni halali kabisa, hivyo mwananchi yeyote aliyeona chochote ukutani asimame aseme, hatadhurika. Ukumbi ulikuwa umejaa. Kila mmoja wetu alimsubiri mwenzake. Mke wangu alinitazama, mimi nikamtazama mpiga ngoma, mpiga ngoma akawa anafunga kamba za viatu. Dokta Sikitu aliomba basi ihojiwe picha ya Mtukufu, kwa kuwa ndiyo pekee haikugeuka. Mwenyekiti alisikitika sana, akasema picha ile haihojiwi.

Waziri Tindwa alipewa nishani kwa filimbi ya wakati mwafaka. Wananchi tulipewa cheti kimoja cha pamoja cha ugeukaji bora. Dokta Sikitu alipewa sitara ya kudumu. Ukuta wa ghala ulipakwa rangi nyingine, ya kijani kibichi, sijui kwa nini, maana hakikuwa kimebaki kitu juu yake.

Siku hizi kila jioni Dokta hupita mtaani kwetu akitoka kununua maziwa. Nywele zimeota tena. Kandambili zake zikisikika, tunageuka, watoto wangu wakiwa wa kwanza. Anasema habari za jioni, nasi tunauambia ukuta kwamba ni nzuri. Nina aibu, nasema wazi. Nikipiga tarumbeta nina aibu, nikila nina aibu, na mke wangu hajanitania tangu siku ile.

Juzi nilikuwa peke yangu barazani, nimegeuka kama kawaida, nikisubiri apite. Hakupita. Kivuli chake kilikuja ukutani kikasimama karibu na changu, na mkononi kilikuwa na kidumu cha maziwa.

"Jirani," alisema, "siku ile mliona nini kwenye ukuta wa ghala?"

Barazani hapakuwa na mtu mwingine, na kutazama ukuta ni halali.

"Nilikuona, Dokta," niliuambia ukuta. "Ulipita juu ya vichwa vyetu vyote. Chini yako kulikuwa na mwanga."

Kivuli chake kiliinua mkono kikajifuta uso.

"Basi geuka," alisema. "Niambie hivyo hivyo ukinitazama."

Nimekuwa kwenye gwaride tangu ujana. Naijua amri ya kugeuka kulia, kushoto na nyuma, naweza kuitii nikiwa usingizini. Nilimsikia akisubiri. Nilisikia maziwa yakicheza kwenye kidumu. Kisha kandambili zikaanza kwenda, na kivuli chake kikaondoka ukutani pole pole, kikitembea kwa miguu kama sisi wote.

Mke wangu aliponiita kula, nilikuwa bado sijageuka.